Kontena la mwanangu linarudi lilivyoondoka

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam, na ni mwajiriwa. Mdogo bado ananyonya. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 5, mwaka huu ameanza chekechea kwenye shule moja ya binafsi karibu na nyumbani. Ninalokuandikia linaweza kuonekana jambo dogo, lakini limeshaingia mpaka chumbani kwetu mimi na mume wangu. Siku hizi hata kumenya kiazi asubuhi naona uvivu.

Shule yake haipiki uji. Kila mtoto anabeba chakula chake cha saa 4. Tangu mwanzo niliamua mwanangu habebi krispi, biskuti za krimu wala juisi za boksi. Namfungia viazi vitamu vya kuchemsha au muhogo, siku nyingine yai, na tunda, na chupa ya maji. Sifanyi hivyo kwa kujionesha. Baba yangu mzazi ana kisukari na alikatwa mguu nikiwa sekondari. Mimi ndiye niliyekuwa namsafisha kidonda kabla ya kwenda shule. Najua ugonjwa ule ukiingia kwenye nyumba unavyokula kila kitu, pesa, usingizi, mpaka maongezi. Halafu mapema mwaka huu daktari wa meno alimkuta mwanangu na magego mawili yametoboka. Nilihisi kitu kimenishika tumboni.

Wiki za mwanzo alikuwa anakula. Baadaye kontena likaanza kurudi nusu, sasa linarudi lilivyoondoka. Nikimuuliza ananijibu "nilishiba". Siku moja dada anayetusaidia nyumbani aliwahi kumfuata, akamkuta amekaa pembeni ya baraza, kontena liko mapajani halijafunguliwa, anamwangalia mwenzake anavyotenganisha biskuti na kulamba krimu. Usiku namwogesha, akaniambia, "Mama, wanasema mimi nakula chakula cha shamba." Na wiki iliyopita mwalimu wa darasa alinipigia simu, akasema mwanangu amechukua biskuti kwenye begi la mwenzake.

Mume wangu anasema, "Hela ya biskuti ipo. Kwa nini mtoto aonekane kama kwao hawana?" Mama mkwe anaishi na sisi, naye anaona namtesa mjukuu wake. Nimekuja kugundua kwamba anamtilia jero kwenye mfuko wa kaptula ili anunue kwa mama anayeuza getini. Ni mama mwema kwangu, amenishikia watoto wote wawili, sitaki kumvunjia heshima. Lakini nikifungua mdomo naonekana msomi ninayetaka kuwafundisha wakubwa.

Nilijaribu pia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Niliandika kwa adabu kabisa kwamba tukubaliane tusiwafungie watoto vitu vya sukari. Mama mmoja akanijibu, "Mwenzio saa 11 alfajiri nipo kwenye daladala. Biskuti ndiyo ninayoiweza. Ukiweza kuja kunichemshia viazi, karibu." Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Tangu siku hiyo sijaandika tena humo.

Naomba unisaidie. Nishikilie msimamo wangu na mtoto aendelee kushinda njaa na kuchekwa? Nimfungie kama wenzake? Nimhamishie shule inayopika uji? Na kitafunwa bora kwa mtoto wa umri huu ni kipi hasa? Nikisoma mtandaoni naishia kuongezewa hofu tu.

Mama wa Chekechea, Tabata

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Jambo lako si dogo hata kidogo. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikifika kwenye kidonda cha baba yako nasimama. Binti wa sekondari anayesafisha kidonda alfajiri halafu anavaa sare na kwenda darasani hawezi kuwa mama anayefunga chakula cha mtoto bila wasiwasi. Kwa hiyo kwanza nakuomba usijilaumu kwa kulichukulia jambo hili kwa uzito.

Ninavyokuelewa, unataka mwanao akue na afya, na unataka asitengwe na wenzake. Mpaka sasa mambo hayo mawili unayaona yanapingana, ukichagua moja unapoteza jingine. Sina uhakika kwamba ni lazima iwe hivyo. Hebu tuliangalie polepole, tena tuanzie kwenye kontena lenyewe.

Mtoto wa miaka 5 akikwambia wenzake wanamcheka, mwamini. Ila isiwe ndiyo sababu pekee unayoitafuta. Je, umeshamwona akilifungua kontena hilo mwenyewe? Yale yenye mfuniko wa kubana pande nne huwatoa jasho hata watu wazima. Kwenye chekechea nyingi mapumziko ni mafupi, choo kina foleni, na mwalimu mmoja ana watoto wengi wa kuwafungulia. Mtoto akishindwa mara mbili, mara ya tatu hajaribu tena, anakwambia alishiba. Halafu kiazi chenyewe: kinachemshwa saa 11, kinafungwa kikiwa na mvuke, mpaka saa 4 kimepoa, kimekauka nje na kinanata kooni. Mtoto ambaye nyumbani anakila cha moto anaweza kukikataa shuleni bila kuchekwa na yeyote. Jumamosi moja mfungie chakula vilevile asubuhi, kiache kwenye begi mpaka saa 4, kisha mpe mkeka barazani afungue na ale mwenyewe. Wewe kaa pembeni umtazame tu, usimsaidie. Utajua mengi ambayo hawezi kukueleza kwa mdomo.

Hukuniambia anakula nini kabla ya kutoka nyumbani. Kama anaondoka na chai na kipande cha mkate, basi chakula cha saa 4 kinabebeshwa kazi ya mlo mzima. Tumbo la mtoto wa umri huu ni dogo, ndiyo maana anahitaji kula kidogo kati ya mlo na mlo. Kitafunwa kinamsaidia kufika mchana bila kusinzia wala kulia lia. Lishe yake ya siku inajengwa na vyote anavyokula tangu anaamka mpaka analala. Ukiliona hivyo, wasiwasi wa kontena unapungua kidogo. Lile yai, kwa mfano, ningependa alile nyumbani asubuhi. Kwa joto la Dar, yai lililochemshwa na kukaa ndani ya begi tangu saa 12 hadi saa 4 limeshapita muda salama, kwa sababu vyakula vya namna hiyo havitakiwi kukaa kwenye joto zaidi ya masaa mawili, na jua likiwa kali ni saa moja tu. Maziwa na kuku ni hivyo hivyo. Ukitaka kumfungia kitu cha aina hiyo, gandisha chupa ya maji usiku na uilaze juu ya kontena. Mpaka mapumziko maji yatakuwa yameyeyuka, atakunywa yakiwa ya baridi.

Sasa sukari, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati mtu anayopata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2016 kiliwawekea watoto wa kuanzia miaka 2 kikomo cha gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko 6 hivi vya chai. Sukari iliyomo ndani ya embe au ndizi nzima haihesabiwi humo. Dukani geuza boksi usome gramu za sukari, kisha gawanya kwa nne, utapata idadi ya vijiko vya chai. Angalia pia kama wameandika juisi asilia 100% au "kinywaji chenye ladha ya". Soda ya kawaida ya chupa mara nyingi ina zaidi ya gramu 30, na kwa mtoto hapo kikomo cha siku kimeshapitwa kwa kinywaji kimoja. Kwa hiyo hofu yako ina msingi.

Lakini kisukari cha baba yako, kama ni kile cha ukubwani, hakikuletwa na kitu kimoja. Uzito, kurithi, kukaa bila kutembea, umri na ulaji wa miaka mingi vyote vinachangia. Biskuti moja ya Ijumaa haimpeleki mwanao kwenye kitanda cha babu yake. Nakwambia hivi kwa sababu watoto wanasoma nyuso zetu. Akiona mama anatetemeka mbele ya biskuti, anajifunza kwamba biskuti ina nguvu kubwa sana.

Na hapo naomba uniruhusu niguse dhana nyingine, kwamba chakula cha asili ni salama na cha dukani ni kibaya. Muhogo uliochemshwa ni chakula kizuri, ila wenyewe karibu wote ni wanga. Ukikaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu jana, ni habari nyingine. Juisi ya ukwaju ya nyumbani yenye sukari ya kumwaga haina tofauti kubwa na ya boksi, na ubuyu wa rangi ni pipi tu. Karanga tunazisifia, na kweli ni chakula bora, lakini karanga nzima zinaweza kumpalia mtoto mdogo. Madaktari wanashauri zisagwe mpaka afikishe miaka 5, na hata baada ya hapo ale akiwa amekaa chini. Chagua zilizojaa, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kwa sababu huko ndiko sumukuvu inakokaa. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Vyakula hivyo vilitoka mashambani na ghalani kwa watu wenyewe, havikuwa vya dukani.

Basi kitafunwa kizuri ni kipi? Mimi naangalia mambo machache: kiwe na kitu cha kumpa nguvu, na kitu cha kujenga mwili au tunda, kifunguke kwa vidole vyake, kivumilie joto, na akile. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu kiazi kinachorudi nyumbani hakijamlisha mtu. Chapati ndogo iliyopakwa siagi ya karanga, ikakunjwa na kukatwa vipande vya kushikika. Vitumbua vya mchele vyenye sukari kidogo. Mkate na parachichi iliyopondwa kwa ndimu ili isiwe nyeusi. Ndizi mbivu haihitaji hata kontena, na mwenyewe anaimenya. Dagaa wakavu waliokaangwa vizuri wapo watoto wanaowapenda kuliko krispi, kwa vile nao wanalia mdomoni. Kinywaji kiwe maji. Chai ya rangi aachane nayo, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula.

Na viazi usivitupe bado. Jaribu viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A kwa wingi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa watafiti wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low, walitunukiwa kwa kazi yao juu ya viazi hivyo. Wanaokiita chakula cha shamba hawajui kimefika wapi. Mwanao hatajali habari za tuzo, lakini rangi ataijali. Kata vijiti vyembamba, vioke au vikaushe kwenye kikaango chenye mafuta kidogo sana, uone kama vitarudi.

Kuhusu ile biskuti aliyoichukua, nakuomba neno "mwizi" lisisikike nyumbani kwako, hata kwa utani wa wajomba. Tafiti zilizofanyika Marekani tangu miaka ya 1990 zilionesha kwamba mtoto akizuiwa kabisa chakula kinachoonekana mbele yake, hamu yake nacho huzidi, na akipata nafasi anakila kwa pupa. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter ana mgawanyo ambao wazazi wengi wamenufaika nao: mzazi anaamua kinaliwa nini, lini na wapi, mtoto anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Unaweza kumpa nafasi ndogo ndani ya uamuzi wako. Usiku kabla ya kulala muulize, kesho ndizi au embe, chapati au kitumbua? Kwa mtoto aliyechekwa, kufungua kontena alilolichagua mwenyewe kuna uzito wake.

Tuje kwenye njia ulizozitaja. Ukishikilia msimamo bila kulegeza, meno yatapata nafuu, lakini njaa na usiri vinaweza kuendelea, na jero la bibi litapata kazi. Ukimfungia sawa na wenzake kila siku, kicheko kitaisha haraka, na mume wako atapumua, ila magego yale mawili yataendelea kuogelea kwenye sukari, na kurudi nyuma baadaye ni kugumu kuliko kuanza. Wapo wanaoweka siku moja ya wiki kwa biskuti. Ni njia ya kati, na nimeona ikifanya kazi, mradi siku hiyo isigeuzwe zawadi ya tabia njema, maana hapo biskuti inapanda cheo na kiazi kinakuwa adhabu. Kumhamisha shule nakusihi usikuharakie. Atapata uji, lakini ataacha marafiki na mwalimu aliyeanza kumzoea, na hata huko watoto watakuwa na lingine la kuchekana.

Ila wazo lako la uji lina kitu kizuri. Kenya walipoanza kugawa maziwa ya Nyayo kwenye shule za msingi mwaka 1979, kila mtoto alishika pakiti sawa na ya mwenzake. Palipo na chakula kimoja hakuna wa shamba na wa mjini. Je, uongozi wa shule yako umewahi kuulizwa kama wazazi wakichanga, uji unaweza kupikwa hata siku mbili kwa wiki? Uji wa vitu vichache vilivyochaguliwa vizuri unatosha, hauhitaji nafaka 10. Hatari ipo: wapo watakaoona ni mzigo mwingine juu ya ada, na usipoangalia utarudi kuwa yule anayewafundisha wenzake. Ndiyo maana ningeanza na yule mama wa daladala, kwa ujumbe wake peke yake nje ya grupu. Maneno yake yalikuchoma, lakini soma tena, amekueleza maisha yake ya alfajiri. Huenda yeye ndiye atakayefaidika kuliko wote uji ukipikwa, na akiunga mkono yeye, grupu litasikiliza.

Mume wako usimjibu kwa hesabu za sukari. Siku mkiwa mmetulia muulize yeye alikuwa anakula nini mapumziko, na alikuwa anajisikiaje. Mwanaume anayesema "kwa nini mtoto aonekane kwao hawana" pengine anakumbuka siku zake mwenyewe. Sijui, wewe ndiye unayemjua.

Na mama mkwe, hilo jero ni upendo wake, ndivyo ninavyoliona. Mjukuu anarudi na njaa, yeye anafanya analoliweza. Kwa desturi zetu wengi wangesema mwambie mumeo aongee na mama yake, na inawezekana, ila akijua umemtuma yeye utapata kazi mbili. Unaweza kumwendea kwa kuomba msaada, tena msaada wa kweli: "Mama, huyu mtoto hali ninachomfungia. Baba yake ulikuwa unampa nini akienda shule?" Halafu mwachie jikoni siku mbili za wiki. Huenda atatia sukari kwenye vitumbua kuliko unavyotaka. Hapo utapima mwenyewe, vitumbua vya bibi vyenye sukari iliyozidi kidogo, au kisichojulikana kinachonunuliwa getini.

Sikuambii ushike lipi. Nyumba ni yenu, na mtoto unamjua wewe. Jambo moja tu nakuomba usilisogeze mbele, nalo ni daktari wa meno. Watu watakwambia ni meno ya utoto, yatang'oka. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, na yakiuma mtoto hatafuni vizuri, hata kiazi kilaini. Muulize daktari kama yanazibika, mpigishe mswaki wewe mwenyewe asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, na akila kitu kitamu akile pamoja na mlo kisha anywe maji, kwa sababu meno huumizwa zaidi na kula vitamu kidogo kidogo kutwa nzima. Mkienda, mwulize pia kama maumivu ndiyo yanayomfanya akatae kutafuna shuleni. Hilo sikuliona kwenye barua yako, na linawezekana kabisa.